Nilimpa Mdogo Wangu Sauti Asiyoiomba

Jamani, mwenye makosa ni mimi, msimtafute mwengine. Nilijipa umeneja wa mdogo wangu, na hapana aliyeniomba!

Raya ana kigugumizi tangu utotoni. Basi yeye na shoga zake wakaanza kutengeneza filamu fupi zisizo na maneno, za rangi nyeusi na nyeupe, wakizipiga huku huku Muscat: mara Mawaleh, mara ufukweni Yiti. Raya akiinua nyusi moja tu, watu hoi kwa kicheko. Akawa na jina lake mjini.

Mimi, bingwa wa kila kitu, nikaona haitoshi. Nyota gani huyo hasemi? Mtu mmoja wa tamthilia akanipigia simu, akauliza, "Na kuzungumza anaweza?"

"Wallahi, sauti yake asali!"

Raya nikamwambia wanataka kumwona tu. Maskini, akajipamba, akaniamini.

Tulipofika wakampa maneno ayaseme mbele ya kamera. "M-m-m..." Yakakwama hapo hapo. Watu wakatazamana, mmoja akacheka. Na mimi, kwa hizi busara zangu nyingi, nikapaza sauti: "Sema tu, habibti, usione haya!"

Ee Mola! Machozi yakamshuka pamoja na wanja.

Garini nikamwambia eti nilitaka kumsaidia. Akanijibu, kila neno likimpa taabu: "Da-dada, mimi si-sikuwa mgonjwa."

Toka siku hiyo simu zangu hapokei.

Filamu yake mpya ilipoonyeshwa, nikaenda na mama, nimejifukiza udi, nimekaa mbele kama mgeni rasmi. Loo! Raya kaigiza mwanamke mwenye mkoba mkubwa, mdomo unakwenda kama cherehani wala sauti haitoki, anamsukuma kila mtu. Mkoba wangu! Mwendo wangu! Ukumbi mzima mbavu hawana. Mama yangu mzazi akafuta machozi kwa mtandio, akaninong'oneza, "Mwanangu, hapo kakupata."

Nikamfuata Raya nyuma ya ukumbi, nikamtaka radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ni-nimesikia," akasema, akaenda kwa wenzake.

Hakusema kanisamehe. Kasema kasikia. Na mimi nnangojea, mimi nisiyejua kungoja!

Enyi mama huruma wenzangu, mnaowaokoa watu wasiozama, ulizeni kwanza. Na jibu likichelewa kutoka, lisubirini. Msiwajibie nyinyi.