Kidole cha Waziri

Mimi ni kinyozi, na kwa miaka kumi na tisa wateja wangu wananiita Waziri. Hakuna aliyeniteua. Nilijiteua kwa mdomo wangu mwenyewe. Mteja akikaa tu, kabla sijamfunga shuka shingoni, nimeshaanza kumweleza serikali ilikosea wapi. Na hawezi kunikimbia, maana nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado. Nilidhani wananisikiliza kwa ajili ya hekima yangu.

Kiti cha pili ni cha shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Yeye kwa siku nzima hamalizi maneno kumi. Nilikuwa namwonea huruma, nikimwambia, "Shemeji, kunyoa ni mdomo. Mkono unafuata."

"Sawa, shemeji," angejibu. Hayo tayari ni mawili.

Uchaguzi ulipokaribia, uwaziri ulinipanda kichwani. Nilitabiri kwamba mgombea wangu angepata sitini kwa mia, nikaiandika tarakimu hiyo kwa sabuni juu ya kioo, kila anayejitazama aione katikati ya paji la uso wake. Nikawahubiria watu kwamba asiyepiga kura hana haki hata ya kulalamikia mvua.

Siku yenyewe ilipofika nilikwenda asubuhi kwenye kituo cha kura pale shuleni, nikasimama kwenye foleni. Mbele yangu palikuwa na bwana mmoja aliyesema kwamba sitini kwa mia ni ndoto. Ningenyamaza vipi? Nilitoka kwenye mstari, nikaokota kijiti, nikachuchumaa na kumchorea hesabu yote mchangani, mkoa kwa mkoa. Nilipoinua kichwa, bwana yule alikuwa ameshaingia ndani kupiga kura, na nafasi yangu ilikuwa imezibwa na watu mia mbili. Nikajiambia, ngoja niende nyumbani nile, nitarudi jua likipoa. Nikala. Nikajinyoosha kidogo. Nilipoamka, milango ya kituo ilikuwa imeshafungwa dakika arobaini nyuma.

Mtu mwenye akili angekaa kimya akameza aibu yake. Mimi nilikwenda dukani, nikafungua kopo la rangi nyeusi ya nywele, nikachovya kidole.

Kesho yake ndipo nilipoona vidole vya wateja. Wote walikuwa na wino kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Mimi nilikuwa nimechovya kidole cha shahada, tena cha kulia. Mteja mmoja aliponiuliza, nilimwambia karani alichanganyikiwa aliponiona. Mkono wa kinyozi haufichiki mfukoni.

Basi matokeo yakaanza kuja, na yakaja vibaya. Mgombea wangu alipata arobaini na sita, mwenzake arobaini na sita na pointi, wa tatu akaokota makombo. Hakuna aliyefika nusu. Wakubwa wote wawili walijitangaza washindi siku moja, kila mmoja na jukwaa lake. Tume ikawa inasema kila jioni kwamba "zoezi linaendelea." Maduka yakawa yanafungwa mapema, watu wakinunua unga na mafuta ya taa kama wanaokwenda safari. Mjini hakuna aliyejua picha ya nani itundikwe ofisini. Nami kila asubuhi niliifuta sitini kidogo, ikawa hamsini na tano, kisha hamsini na moja, hatimaye nikaosha kioo chote.

Kata yetu ikazidi kutia chumvi. Karatasi ya matokeo ya udiwani ilibandikwa kwenye ukuta wa shule: wagombea wawili, kila mmoja kura elfu moja mia mbili na nne. Sare.

Hapo ndipo ningepaswa kuugua, nilale wiki mbili. Badala yake nilisimama katikati ya duka nikiwa na kitana mkononi, nikapaza sauti: "Kura moja tu, jamani! Kuna mtu katika kata hii hakwenda kupiga kura! Huyo ndiye aliyetufikisha hapa. Huyo ni msaliti!"

Watu wakaitikia. Nilijisikia vizuri sana, nakiri. Shemeji alikuwa anasafisha mashine yake kwa brashi. Hakuinua macho.

Siku nne baadaye Mwalimu Mkuu wa shule ile akaja kunyolewa ndevu. Ndiye aliyesimamia kituo chetu cha kura. Nilimpaka sabuni, nikaweka wembe kooni mwake, nikaanza hotuba yangu ya msaliti.

"Waziri," akasema, bila kufumbua macho, "fundi viatu wa hapo ng'ambo hana wateja siku ya tatu sasa. Unajua kwa nini?"

"Hapana, Mwalimu."

"Wanasema ndiye ambaye hakupiga kura. Vidole vyake vimejaa kiwi, wino hauonekani. Jana mtu aliandika 'msaliti' kwenye sanduku lake kwa chaki."

Nilichungulia mlangoni. Fundi viatu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mikono imelala magotini, hana kiatu mbele yake.

"Fundi alipiga kura," Mwalimu akaendelea. "Jina lake nililikata mwenyewe kwa rula. Wa pili kufika. Katika mtaa huu wote, jina moja tu lilibaki jeupe kwenye daftari." Akafumbua jicho moja. "Sitalitaja. Si kazi yangu. Lakini sisi tulipaka kidole kidogo, cha kushoto."

Wembe ulikuwa mkononi mwangu, lakini aliyekatwa ni mimi. Nilimaliza ndevu zile bila neno. Shemeji akanitazama kwa wasiwasi, akaniletea maji.

Nilifunga mapema nikaenda nyumbani. Mke wangu alikuwa anaanua nguo. Nikamwambia, "Mama watoto, nina jambo la kukuambia, ila usipige kelele."

"La kidole?"

"Nani kakwambia?"

"Foronya yako ina doa la rangi ya nywele tangu usiku ule ule. Nimekufulia miaka ishirini na mbili, nisijue rangi ya nywele?" Akakunja shati. "Hata mdogo wangu anajua. Alisema kopo lilikuwa limefunguliwa."

"Na mkaninyamazia?"

"Tungeingilia wapi, Baba watoto? Ulikuwa unahutubia."

Nilicheka, naye akacheka, kisha akaacha kucheka akaniuliza, "Na yule fundi?" Akaniwekea shati mapajani, akaniacha nalo.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, duka limefurika. Nilitamani kumwambia fundi faraghani, nimwombe radhi nyuma ya ukuta, yaishe. Lakini uongo nilikuwa nimeusambaza mchana kweupe, nikaona ukweli hauwezi kupita uchochoroni. Nikamwita avuke barabara. Akaja akisitasita mlangoni, akifuta mikono kwenye aproni, watu wakimgeuzia visogo.

Nikasema, "Jamani, msaliti ni mimi."

Wakacheka. Walidhani natania, ndio malipo ya mtu anayeongea sana. Ikabidi nieleze yote: kijiti, mchanga, usingizi, kopo. Nilipofika kwenye kopo nikainua kidole, na kicheko kikakatika. Mzee mmoja akavua shuka shingoni, kichwa nusu, akatoka. Wengine wawili wakamfuata. Fundi viatu alikikazia macho kidole changu.

"Mke wangu alitaka tuhame," akasema taratibu. "Wewe unajua hilo?"

"Sikujua. Nisamehe, ndugu yangu."

"Nitakusamehe. Ila si leo." Akavuka barabara akarudi kwenye kigoda chake.

Nilichukua ndoo na kitambaa nikamfuata, nikafuta ile chaki kwenye sanduku lake mbele ya mtaa mzima. Hakunishukuru, wala hakunizuia.

Udiwani ulirudiwa mwezi uliofuata. Nilifika shuleni kabla ya karani. Kila aliyejaribu kuzungumza nami nilimwambia nina maumivu ya jino. Nilipiga kura, nikapakwa kidole kinachostahili, nikarudi nyumbani kifua mbele. Mgombea wangu wa udiwani alishindwa kwa kura themanini na saba. Yaani hata ningelala tena, isingebadilisha kitu.

Wale wakubwa wawili nao walivutana wiki tisa, kisha wakakaa meza moja wakagawana vyeo, wakapigwa picha wakicheka. Sikulitabiri hilo. Wateja waliporudi, na wengi walirudi, walianza kuniuliza serikali ya namna hiyo itadumu miezi mingapi. Nawaambia wainamishe kichwa.

Fundi viatu alirudi kunyolewa mwishoni mwa mwaka. Alinisalimu vizuri, akauliza hali ya nyumbani. Kisha akapita kiti changu kilichokuwa wazi, akaenda kungoja cha shemeji. Hapo ndipo anaponyolewa hadi sasa. Na wanaongea, wale watu wawili! Wanaongea mpaka shemeji anasahau mashine ikiwaka mkononi. Mimi nafagia nywele, natega sikio, na nikikaribia wanashusha sauti.