Kwa nini bibi yangu alikataa kushuka kitandani daktari alipopita

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari za mchana. Huu uzi nimeuandika na kuufuta tangu asubuhi, nikihofia mtasema natunga. Situngi.

Mimi ni graduate, ajira bado, kwa hiyo nyumbani mimi ndiye nauguza. Mwezi uliopita bibi mzaa baba alilazwa hospitali ya serikali. Kwetu ni Pande, Kilwa.

Daktari alipoingia wodini nikamnong'oneza bibi ajiweke vizuri. Ndivyo nilivyo, nawaza watu watatuonaje.

Bibi akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili. "Sishuki."

"Hakuna aliyesema ushuke, bibi."

"Ndivyo mnavyoanza, mume wangu. Umesoma mpaka umekonda, hili hawakukufundisha."

Daktari, kijana tu, akamwamkia. Bibi akaitikia marahaba bila kuachia chuma.

Alipopita ndipo bibi akanieleza.

Enzi za Mwingereza, yeye akiwa binti mdogo, mama yake aliugua kifua. Wakambeba kwa machela kutoka Pande hadi hospitali, akapewa kitanda cha chuma. Akaanza kupata nafuu, hata uji akawa anaumaliza.

Siku moja akaja mkubwa wa Kizungu kukagua.

Sasa wakuu, adabu za wazee wetu mnazijua. Mkubwa akiingia, huwezi kubaki umejilaza juu. Mama yake bibi ndiye aliyetangulia kushuka, akakaa kwenye mkeka aliokuwa akilalia bibi, bintiye, kando ya kitanda. Wodi nzima ikamfuata. Hata aliyevunjika mguu alishushwa na nduguze.

Mzungu akatazama vitanda vitupu, akatazama watu sakafuni, akasema neno. Karani akatafsiri:

"Bwana anasema, kumbe mnapenda mikeka. Vitanda vyote hivi vya nini?"

Watu wakacheka kwa heshima. Hakuna aliyembishia.

Haukupita muda vitanda vikapunguzwa, na cha mama yake kikiwemo. Akabaki sakafuni, kwenye saruji, na masika yalikuwa yameingia. Kifua kikarudi kwa nguvu. Akazikwa huko huko, hakurudi Pande.

"Mama alikuwa na adabu sana," bibi akasema, akageukia ukutani.

Nimewaza mpaka usingizi umekata. Labda yule mkubwa alishaamua kabla hajafika, akatafuta sababu tu. Labda mtu mmoja angesema, "Bwana, tumeshuka kwa ajili yako." Sijui. Wa kumuuliza hayupo tena.

Maana bibi naye alifariki Ijumaa ya wiki ile ile, juu ya kitanda. Vidole vyake vilikuwa bado kwenye chuma, nesi akanisaidia kuvilegeza.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Ukiwa na mgonjwa, mwache alale. Shikamoo inasikika hata ikitoka kwa aliyelala.

Wenye wazee wa Kilwa na Lindi, je, kwenu waliwahi kusimulia haya? Tafadhali andikeni hapa, nasoma zote.