Ndege Haifukuzi Mvua

Ndege ilipopita mara ya kwanza juu ya kijiji chetu cha Ruiri, nyanya yangu alikimbilia sukuma wiki. Akazifunika kwa magunia, akaniitisha mfuniko wa pipa la maji, akafukuza kuku waingie ndani. Jirani wa upande wa chini naye alikuwa shambani anahangaika na blanketi. Huku Buuri kote, ndege tunayoijua, ile inayoruka chini chini na kurudi palepale ilipotoka, ni ya kunyunyizia ngano dawa. Ikipita mara moja, tulia. Ikigeuka, funika chakula. Hata mtoto wa nasari anajua.

Nilisimama na ule mfuniko mkononi nikitaka kusema, hii si ya dawa. Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametuambia darasani kwamba watu wa utafiti wangekuja kupima upepo na mawingu. Lakini mimi si mtu wa kusema. Hata darasani nikiulizwa kitu ninachokijua, jibu linafika kooni linakaa hapo kama ugali mkavu. Nikafunika pipa.

Wiki iliyofuata mwalimu alitupeleka wachache wetu uwanja wa ndege wa Isiolo tukaione ikiwa chini. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyofikiri. Puani ilikuwa na fimbo ndefu, kama mdomo wa mbu, na kwenye ncha ya fimbo vitundu vidogo vya kuingiza hewa. Injinia alikuwa dada mmoja wa kutoka Nairobi, mikono yote ina grisi. Alituambia ndege ikipita huivuruga hewa yenyewe, kwa hivyo lazima fimbo itangulie, iuguse upepo kabla haujajua kuna mgeni.

"Ukiwa juu ya boda boda," alisema, "upepo unakupiga uso hata siku ambayo majani hayatikisiki, si ndiyo? Ndege ni hivyo hivyo. Kompyuta inajua tunaenda mbio kiasi gani. Inazitoa hizo mbio zetu kwenye hesabu. Kinachobaki ndio upepo wenyewe."

Chini ya bawa kulikuwa na vibomba viwili vinavyorushiana mwanga wa leza. Tone la wingu likikatiza katikati, linahesabiwa na kupimwa unene. Na ule mtikisiko unaofanya abiria watapike, kwao ndio mali. Wanautafuta. Wanapita mstari mmoja, chini, halafu juu kidogo, halafu juu zaidi, kama mtu anayeonja githeri juu ya sufuria na chini ili ajue kama imeiva yote. Kumbe kurudirudi ndiyo kazi.

Wenzangu walipokwenda kupiga picha na rubani, nilibaki. Nikamuuliza injinia, kwa sauti ambayo ilibidi ainame aisikie, kwa nini mawingu yetu yanakufa. Kila mwaka nayaona. Yanakuja mazito kutoka upande wa Meru mjini, yanafika juu ya upande wetu, yanayeyuka kama mafuta kwenye kikaango. Nyanya anapanda maharagwe, tunapalilia, tunangoja, halafu tunanunua maharagwe sokoni.

"Hatujui," alisema. "Labda hewa kavu ya huku Isiolo inayala kutoka pembeni. Labda ni upepo unaoteremka. Ndiyo maana tumekuja. Lakini lazima tupite hapo mara nyingi, siku zenye mawingu."

Sijawahi kusikia mtu mzima akisema hajui na aseme vizuri namna hiyo. Nilirudi nyumbani nikiitaka ile ndege ipite kila siku.

Basi mvua ikachelewa. Maharagwe yakatoa maua, maua yakaanza kukunjamana. Na ndege ikawa inapita, hasa siku zenye mawingu, kama alivyosema injinia. Mnaona jinsi ilivyokaa? Mawingu yanakuja, ndege inakuja, mawingu yanakwisha. Sokoni hawakusema tena ni dawa ya ngano. Sasa ilikuwa dawa ya kufukuza mvua.

Chifu akaita baraza. Wenye ndege walikuwa wametuma ujumbe kwamba wananchi wakikataa, watahamishia mstari wao upande wa Kanyakine. Kanyakine! Huko mvua inanyesha mpaka mabati yanaota ukungu. Wakienda huko, hakuna mtu atakayejua kwa nini mawingu yetu yanakufa, na nyanya atapanda maharagwe yake kwa imani mpaka azeeke kabisa.

Mwalimu alijaribu kueleza akanyamazishwa. Yeye ni mtu wa Busia. "Mwalimu, kwenu kuna ziwa," mama mmoja alimwambia. "Wewe shida ya mvua utaijulia wapi?" Watu wakacheka. Mwalimu akanitazama. Akasema kuna mtoto wa hapa hapa aliyeiona hiyo ndege kwa macho yake.

Nilisimama. Nikasema kwa Kimeru kwamba ndege haimwagi chochote, inapima tu, na nilisema vizuri, naapa, mpaka muuza nyama mmoja wa stendi akainua mkono. Ni mtu wa kofia nyeupe na maneno matamu, amezaliwa hapa lakini Kiswahili chake kinateleza kama cha watu wa pwani, na watu humsikiliza hata akitaja bei.

"Binti, nisaidie mimi mjinga. Hiyo ndege inapita kando ya wingu ama inaingia ndani?"

"Inaingia ndani."

"Inaingia ndani." Akawageukia watu. "Ikishatoka, wingu linakuwa limezidi ama limepungua?"

Nilijua jibu. Nilijua pia sentensi ya pili: lilikuwa linapungua hata kabla ndege haijafika, hata miaka ambayo hakukuwa na ndege, ninyi wenyewe mmeliona. Lakini sentensi ya kwanza ndiyo iliyotoka.

"Limepungua."

Baraza likalipuka. "Mmesikia! Mtoto hadanganyi!" Mzee mmoja akapiga fimbo chini. Mtu akasema nipewe maji. Sentensi ya pili ilibaki kooni, na nilipofungua mdomo hakuna aliyekuwa akinitazama tena. Mwalimu alikuwa anafuta miwani ambayo haikuwa chafu. Nikakaa.

Ndege ikahamia Kanyakine. Na mvua, kwa ujeuri wake, ikanyesha wiki hiyo hiyo. Si nyingi, ya kulowesha vumbi na kuokoa maharagwe nusu, lakini ilitosha kunifanya mtu maarufu. Wamama walinishika mkono njiani. Muuza nyama akaniita dukani kwake, akanifungia matumbo bila kupima. "Ya shahidi wangu," akasema. Nilitaka kumrudishia. Nikasema asante.

Nyanya aliyapika na ndizi. Tulikuwa jikoni, moshi umejaa, yeye anakoroga, mimi nimenuna tangu asubuhi.

"Ile ndege yenu iko wapi siku hizi, mwari?"

"Kanyakine."

"Na huko kunanyesha?"

"Kila siku, nyanya. Mpaka barabara imekatika."

Akakoroga. Akaonja, akaongeza chumvi.

"Sasa mbona huko haifukuzi?"

Nilitaka kulia na kupiga sufuria teke kwa wakati mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa ameketi mstari wa pili pale barazani, leso begani, mdomo umefungwa, akiniacha nizame.

"Nyanya, si ungeliuliza hivyo siku ile!"

"Mimi?" Akacheka mpaka akakohoa. "Nisimame mbele ya wanaume wote wale, nibishane na muuza nyama? Wacha mchezo. Wewe ndiwe umesoma."

"Basi twende kwa chifu kesho. Umwambie hivyo hivyo ulivyoniambia."

"Mvua si imenyesha? Ukienda kuwasumbua sasa watasema unataka kuirudisha juu." Akanijazia sahani, akanichagulia vipande laini. "Kula. Ulisema ukweli, na ukweli haukuchomi."

Nilikula. Mbaya zaidi, yalikuwa matamu.