Wimbo Uliomtaja Mama

Habari za kurudi kwake zilinikuta kwenye kitalu changu cha miche hapa Kibwezi, mikono imejaa udongo, nikipanda mbegu za pilipili. Redio nilikuwa nimeitundika kwenye nguzo. Mtangazaji wa asubuhi, yule anayecheka kabla hajamaliza kusema, akatangaza kwamba mzee wetu wa gitaa, aliyeokoka na kuacha nyimbo za dunia miaka ishirini na zaidi iliyopita, anarudi jukwaani. Uwanja wa Kabati, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana. Kisha akafungua laini za simu ili watu waseme wanavyoona.

Watu wakasema. Mwanamume wa Mukuyuni alisema mbwa ameyarudia matapishi yake, na akifa kanisa lisikanyage kwake kumzika. Mwanamke akapiga kumjibu, akauliza kwani kanisa ndilo linalomlisha. Mwingine akasema sauti ya mzee imekwisha, afadhali tuachwe na kumbukumbu nzuri. Mwingine karibu alie hewani, eti mkewe alimpata kwa nyimbo hizo. Asubuhi nzima walivutana hivyo, wa kanisa huku na wa dansi kule, na hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za watu walioimbwa. Mimi nilishika simu nikataka kupiga. Nikairudisha mfukoni, kwa sababu ningeulizwa mimi ni nani.

Mama yangu yumo kwenye wimbo wake. Kwa asiyetujua, nieleze kidogo. Gitaa la Ukambani la siku zile halikuimba mapenzi ya hewani tu. Liliimba watu. Lilitaja jina lako, jina la mumeo, soko lenu na kosa lako, na wimbo ukishatoka kwenye sahani ya santuri hakuna chifu wala mchungaji wa kuurudisha. Mwizi wa ng'ombe aliimbwa. Msichana aliyekataa kuolewa baada ya mahari kupokelewa aliimbwa. Watu walicheza dansi juu ya aibu za majirani zao na kuona ni sawa kabisa. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Wimbo unasema mama, mke wa fulani wa Mukuyuni, alimtoroka mumewe na utingo wa basi la Mombasa. Unasema alimwacha mtoto mchanga mlangoni, mtoto akalia mpaka sauti ikakauka. Kibwagizo chenyewe ndicho hicho, mtoto kulia mlangoni, na gitaa linaigiza kile kilio kwa nyuzi za juu. Ndiyo sababu watu waliupenda. Sasa, mtoto huyo ni mimi. Na sikuachwa mlangoni. Nilibebwa mgongoni, mama akiwa amepigwa na baba mpaka jino likatoka, akatembea kwa miguu hadi kwa nyanya yangu. Hakukuwa na utingo. Hakukuwa na basi. Mimi ni ushahidi unaotembea, nina miaka hamsini na kitu, na tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kuniuliza.

Shuleni niliimbiwa wakati wa mapumziko. Mama alipojaribu kuuza nyanya sokoni, wanaume walipita wakipiga mluzi ule mwanzo wa gitaa, wao na wake zao wakicheka. Wazee waliompenda walimshauri anyamaze. Wengine walimwambia lisemwalo lipo, kama halipo laja. Naichukia methali hiyo. Aliyeitunga hakuwahi kusemwa. Tulihamia Kibwezi nikiwa darasa la tano, mahali pa wageni na wapita njia, na hata hapa wimbo ulitufuata, kwa sababu redio haina mpaka.

Mzee alipookoka, aliziomba stesheni ziache kucheza nyimbo zake, na nyingi zilimheshimu. Hapo ndipo mama alipopumua. Watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakuujua wimbo. Alichaguliwa kiongozi wa akina mama kanisani, akawa mtu wa kuitwa kwenye harusi kuwashauri maharusi. Hebu fikiria, yule wa utingo, kuwashauri maharusi. Niliona raha iliyoje moyoni.

Siku ile ya tangazo niliingia ndani nikamkuta amekaa kitandani na karedio kake kwenye mapaja. Alikuwa amekazima. Mama ana presha na miguu inamvimba, hatembei mbali.

"Ataiimba ile wimbo?" akaniuliza.

"Sijui, mwaitu," nikamjibu, nikimwita mama kwa Kikamba chetu.

Jumapili hiyo hakwenda kanisani, akasingizia miguu. Jumapili ya pili hivyo hivyo. Akina mama wenzake walikuja kumwombea, na walipoondoka akaniambia mmoja wao, mke wa mwalimu, alimtazama vibaya. Sikujua kama ni kweli. Nilichojua ni kwamba mama yangu, na umri wake huo, alikuwa ameanza tena kuogopa watu, na mimi nina hasira za karibu. Nikashika njia ya Kitui.

Nyumba ya mzee wa gitaa iko mbele kidogo ya Kabati. Nilimkuta barazani akibadilisha nyuzi za gitaa, mzee mwembamba, shati limepigwa pasi, miwani imefungwa kwa uzi. Akadhani nimekuja kumsifu. Akaniitia chai. Alisema wazee wa kanisa walikuja mara tatu kumkanya, na mara ya mwisho walimvua kazi yake, ambayo ilikuwa kufungua mlango wa kanisa na kuufunga.

"Miaka ishirini, mwanangu, nafungua mlango," akasema. "Huko nje watu bado wananijua jina."

"Na mama yangu pia wanamjua jina," nikamwambia. "Mimi ni yule mtoto wa mlangoni."

Aliweka gitaa chini polepole. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na yakatoka yote, na mengine ambayo sikuyapanga. Nilimwambia habari ya jino. Nilimwambia habari ya nyanya sokoni. Nilimuuliza siku ile aliposimama kanisani kutubu dhambi zake zote, pombe na wanawake na uchawi, mbona hakututaja.

"Niliungama nyimbo," akasema. "Nilisema nimeacha nyimbo za dunia."

"Uliungama kwa Mungu. Kwa mwenye jina hukuja."

Kisha akaniambia jambo ambalo mpaka leo sijui niliweke wapi. Alisema wimbo ule hakuutoa kichwani mwake. Baba yangu ndiye aliyekuja na beberu na kreti ya bia, akasimulia yeye mwenyewe, utingo na basi na mtoto mlangoni. Siku hizo mwanamume akikosana na mkewe alikuja kwa mwanamuziki kabla ya kwenda kwa chifu, kwa sababu kesi ya chifu inaisha.

"Ulijua ni uwongo?"

"Nilijua ni upande mmoja."

"Ulijua?"

"Nilijua," akasema. Akavua miwani. "Nilimwona mama yako barabarani asubuhi ile. Alikuwa na mtoto mgongoni."

Sijawahi kumpiga mzee, na siku hiyo nilikaribia. Nadhani aliona, maana alianza kusema haraka. Akasema atakuja Kibwezi na mbuzi na wazee wawili, mbuzi achinjwe, tule pamoja, amwombe mama msamaha mbele ya nyumba yake, yaishe kama yanavyoisha mambo ya watu. Ndiyo desturi yetu, na ni desturi nzuri. Nimewaona majirani waliokatana kwa panga wakimalizana hivyo.

Nilikataa. Nilisema mbuzi wa uani atasikiwa na nani? Alimtaja kwa spika, amsafishe kwa spika. Pale pale Kabati, mbele ya watu wote wanaoujua wimbo, aseme jina la mama na aseme ilikuwa uwongo, na wimbo asiuimbe tena mpaka kufa.

"Dansi si kanisa," akasema. "Watu wa dansi hawasikii maneno."

"Watakusikia wewe. Si wanakujua jina?"

Akakubali. Nilimwapisha kwa Biblia yake mwenyewe, iliyokuwa pale mezani. Nilirudi Kibwezi nikijiona mwanasheria.

Nilimwambia mama kila kitu isipokuwa mambo mawili. Sikumwambia habari ya baba, kwa sababu nilitaka kwanza apate furaha yake. Na habari ya mbuzi sikumwambia, kwa sababu nilimjua. Angemchagua mbuzi.

"Mbele ya watu?" akauliza.

"Mbele ya wote."

"Wale wale?"

"Wale wale, mwaitu. Na redio itakuwa hapo."

Akaniomba nimtolee gauni lake la akina mama, lile la buluu lenye kola nyeupe, nilipige pasi. Siku zilizobaki alikula vizuri. Alisuka nywele. Jumapili alikwenda kanisani, na mke wa mwalimu alipomwuliza miguu inaendeleaje, alimjibu kwa sauti ya juu kidogo kwamba inaendelea vyema. Nilikodi gari la jirani ili mama asisukumwe na watu njiani. Alikaa mbele na mkoba wake mapajani, akinionyesha milima na kuitaja kwa majina.

Uwanja ulikuwa umejaa kufikia saa saba. Nje ya lango walisimama waumini na mabango ya kumwombea mzee atubu, na mchungaji mmoja na kipaza sauti chake, akishindana na spika za ndani. Vijana walikuwa wanawapiga picha kwa simu wakicheka. Ndani kulikuwa na watu wazima wa rika langu na zaidi, wanaume wa kofia, wanawake waliovalia kama wanaenda harusini. Nilimtafutia mama kiti cha plastiki karibu na jukwaa, upande wa kivuli cha hema. Watu wakampisha wakimwita cucu, kama nyanya yao. Hakuna aliyejua ni nani.

Mzee alipotokea, uwanja ulisimama. Sauti yake haikuwa imekwisha, ilikuwa imekwaruza tu, na vidole vilikuwa vile vile. Aliimba nyimbo tatu. Watu walilia, si mzaha, wanaume wazima wakifuta macho kwa kofia. Nilimwona akibadilika pale juu, mgongo ukinyooka, mwenyewe akicheka. Kisha akainua mkono, bendi ikanyamaza, akaja mbele.

"Kuna mama mmoja," akasema kwenye maikrofoni.

Nikamshika mama mkono.

"Kuna mama mmoja wa Mukuyuni," akasema, na akataja majina yote mawili, lake na la baba yangu.

Uwanja ulilipuka. Sikuelewa mara moja. Nilidhani wanamshangilia mama. Kumbe ndivyo wimbo ule ulivyoanza siku zote, kwa jina la mama kusemwa kavu bila gitaa, na watu walikuwa wameusubiri tangu saa saba. Mzee akainua mkono tena. "Sikilizeni, nataka kusema," akasema, na nadhani aliendelea kusema, midomo yake ilikuwa inacheza, lakini hakuna kilichosikika. Mpiga gitaa wa pili alidhani ndiyo ishara. Akaanza kile kilio cha nyuzi za juu.

Watu wakaingia wote pamoja. Hawakuhitaji mwimbaji. Mzee alisimama na maikrofoni mkononi, akatazama upande wetu, akatazama umati. Nilimtazama yeye tu, nikimwombea asifanye. Akajaribu kusema mara nyingine. Kisha nikaona mguu wake wa kulia ukianza kupiga chini, na mkono wa kushoto ukirudi kwenye shingo ya gitaa, na kabla ya ubeti wa pili alikuwa anaimba. Uso wake ulikuwa na furaha. Siwezi kusema uwongo, ulikuwa na furaha ya mtu aliyefika kwake.

Mwanamke aliyesimama karibu nasi alimwinamia mama, akamshika bega kwa upendo kabisa. "Cucu, cheza," akamwambia. "Hii si ndiyo ya siku zenu?"

Kibwagizo kikaja, mtoto mlangoni, uwanja mzima ukilia kama mtoto kwa mzaha, maelfu ya watu, mikono juu. Nilikuwa na hasira ya kuua mtu. Niligeuka nimwambie mama tuondoke, nimwinue, nimsukumie njia.

Mama hakuwa anatazama jukwaa. Alikuwa ananitazama mimi, mdomo wangu uliokuwa unacheza.

"Kumbe na wewe unaijua yote," akasema.