Omnes, Omnium, Omnibus

Juzi sokoni Mbale nilimwona muuza karanga akizifunga kwa kurasa za kitabu cha Kilatini, nikacheka peke yangu. Zamani za vita, baba alifundisha Kilatini seminarini. Sauti za wanafunzi wake wakiimba “omnes, omnium, omnibus” zilitufikia jikoni pamoja na harufu ya malewa, yale machipukizi ya mianzi, nami nilidhani ni sala ya kufukuza vita.

Mchana mmoja tukiwa njiani, chini ya mlima Wanale, askari wa kizuizi cha barabarani alimvuta baba kando. Nikafumba macho, nikaiimba sala ile kwa nguvu zangu zote.

“Mtoto nasema nini?”

“Anasali, afande,” baba alijibu.

Askari akavua kofia, akangoja nimalize. “Amina. Pita.”

Leo najua vilikuwa viishio vya wingi tu, vya neno “wote”. Lakini siku ile tulipita wote.