Shikamoo Bibi

Gari la baba lilipewa majina matatu na halikuwahi kuuzwa hata mara moja. Alilinunua miaka ileile ya uhuru, alipopandishwa cheo na kukalia kiti alichokiacha Mzungu ofisini kwao. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, jeupe, lenye taa za mviringo. Ukitaka kukata kona, kijiti chenye taa kilichomoza ubavuni, kikaonyesha njia, halafu kikarudi ndani kwa haya. Mwananyamala yote ikaliita Bi Harusi. Chapa yenyewe sitaitaja, maana mtaani kwetu hakuna aliyejisumbua kuitamka. Kila gari la aina ile, liwe la baba au la karani mwenzake wa Temeke, lilikuwa Bi Harusi.

Walionunua walikuwa vijana watupu. Baba alikuwa na nywele nyingi, akizichana akijitazama kwenye kioo cha pembeni, na mama, mtoto wa Masasi kama yeye, alikaa mbele na kanga mpya akijidai hasikii joto. Kisha tukazaliwa sisi, tukajaa kiti cha nyuma na magunia ya mihogo ya Kimbiji, na siku moja nikawasikia watu wakisema, "Mama huyo anapita." Sijui nani alianza. Gari lilikuwa limenenepa kwa viraka vya bati, na baba naye alikuwa na kitambi.

Halafu ikaja miaka ya ujamaa iliyokaza. Magari mapya ya watu binafsi hayakuingia, mafuta yalikuwa ya foleni, na Jumapili mchana ilikatazwa kuendesha, barabara zikabaki za miguu na baiskeli. Vijana waliofanikiwa kupata chochote walitaka pikapu za Kijapani. Chapa yetu haikupata mteja mpya hata mmoja. Wale wale waliokuwa vijana wakati wa uhuru ndio walioendelea nayo, wakiwa na vipara, wakitembelea magoti mabovu, na magari yao yakikohoa asubuhi kuwazidi wenyewe. Hapo ndipo likawa Bibi. Na kwa kuwa kila Bibi lilikuwa na mzee ndani, watoto waliposikia mlio wake walitoa shikamoo kabla ya kutazama.

Nilikuwa nimeanza kufundisha mkoani. Niliporudi likizo, mama alinivuta jikoni akaniambia baba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hataki kusikia habari ya kuacha usukani. Siku yoyote ataua mtoto wa watu. Mimi nilikuwa nimejifunza kuendesha lori nilipopelekwa kambini kulitumikia taifa, kwa hiyo mama aliona kazi ya kumnyang'anya baba ufunguo ni yangu. Nilimwambia angalau angenipa ng'ombe nimchinje, ingekuwa rahisi zaidi. Mama hakucheka.

Jumamosi nikapanda na baba kwenda Manzese kwa fundi wake. Nilikaa mbele nimeshika mlango, nikisubiri balaa. Halikutokea. Baba aliendesha polepole, shingo kaiinamisha upande, akipita kati ya mikokoteni na meza za nyanya bila kugusa kitu. Kila hatua watu walimwamkia. Shikamoo Bibi, kutoka kulia. Shikamoo Bibi, kutoka kushoto. Yeye akaitika marahaba na kuendelea, na moyo wangu ukajaa fahari. Nikajisemea kwamba mama anakuza mambo.

Kisha nikamwona mama mmoja muuza mkaa. Alisimama, akamwamkia kwa sauti ya kumwita mtu wa ng'ambo ya mto, na hakuwa akimtazama baba usoni. Alikuwa akiyatazama magurudumu. Baba akasogea kulia kidogo. Mbele kidogo kijana wa mkokoteni alipaza sauti vilevile, akarudia mpaka baba alipoitika na kusogea kushoto, ndipo naye akanyamaza akaendelea kusukuma mzigo wake.

Kule gereji, baba alipokuwa akipiga soga na wenye Bibi wenzake juu ya benchi, nilimwuliza fundi kwa sauti ya chini. Alinitazama kama ninauliza jua linachomoza wapi. Akanieleza kwamba mzee mmoja wa Temeke aliwahi kuparamia meza ya maharage, na tangu hapo watu wakajua. Bibi zote zina wazee, na wazee wote macho yamekwisha. Wakisikia mlio wake wanapaza shikamoo ili mzee ajue walipo. Hakuna aliyewafundisha. Njia nzima kutoka Manzese hadi kwetu ilikuwa ikimwendesha baba yangu kwa adabu, na yeye hakujua.

Sijawahi kuona jambo kubwa kuliko lile, wala sitegemei kuliona. Niliwatazama wale wazee kwenye benchi, kila mmoja akilisifu gari lake, na nilitaka kulia.

Tulirudi saa za alasiri, kwa shikamoo zilezile. Karibu na nyumbani, kwenye uchochoro, njia ikawa kimya, na baba akaongeza mwendo kwa kuwa kwake kimya kilimaanisha hakuna mtu. Mbele yetu alikuwa amesimama mtoto wa kike mwenye ndoo kichwani. Nilimfahamu kwa kuambiwa, mgeni kutoka bara, aliletwa kwa mjomba wake wiki ile. Alilitazama gari likimjia wala hakufungua mdomo. Kwao watoto huamkia watu.

"Baba, simama."

Alikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Bibi liliserereka, likasimama, ndoo ikaanguka na maji yakatapakaa hadi kwenye gurudumu la mbele. Mtoto alikuwa mzima.

"Nani huyo?" baba akauliza.

"Mtoto."

"Mbona hakuamkia?"

Sikuwa na nguvu ya kutunga uongo. "Kwao hawaamkii gari, baba."

Mikono yake ilibaki kwenye usukani. Nilimwona akiirudia ile njia yote kichwani, sauti moja baada ya nyingine.

"Kumbe mie nilidhani wananiheshimu," akasema.

"Wanakuheshimu."

Akazima injini. Akachomoa ufunguo, akauweka mapajani mwangu, akafungua mlango na kulizunguka gari kwa kulipapasa boneti mpaka upande wangu. Yule mtoto alipomwona mtu ametoka ndani, akapiga goti palepale kwenye matope na kusema shikamoo. Baba akageukia ilikotoka sauti na kuitika.

Nikaendesha mimi likizo ile yote. Haikuchukua muda watu wakajua Bibi lina macho mapya, na shikamoo zikakoma. Sikulitarajia hilo. Tulipita Manzese kimya kama tunapita makaburini, na baba kando yangu aliinamisha shingo vilevile, akisikiliza, bila kupata kitu. Nilitamani nimrudishie ufunguo.

Siku moja, kabla hatujafika gerejini, alishusha kioo, akatoa kichwa nje, na yeye, mkubwa kuliko karibu kila aliyekuwa barabarani, akaanza kuwatangulia kwa salamu.

"Hamjambo huko?" alisema kwa upande wa kushoto, kwenye giza lake.

Muuza mkaa akasimama. "Hatujambo, baba. Shikamoo."

"Marahaba," baba akasema, na hakukipandisha kioo hadi tulipofika.