Chaguo la Kwanza la Nekesa

Kuna Jumatatu moja inayonirudia, mwanangu, kila mwaka ninaposikia kwamba watoto wa kidato cha nne wameanza kuchagua kozi za chuo kikuu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wakati simu ya mkononi pale shuleni ilikuwa ya mkuu wa shule peke yake. Mimi nilikuwa karani wa shule moja ya wasichana ya bweni, nje kidogo ya mji wa Bungoma. Nyumbani kwangu ni Matisi, Kitale, na huko nilikuwa nikienda mwisho wa wiki tu. Siku zilizobaki niliishi na mafaili, na wasichana wale walikuwa kama wangu.

Nimesema kama wangu. Ukinivumilia utaona kwamba shida yote ilianzia hapo.

Siku hizi mnachagua kozi kwenye kompyuta. Wakati ule ilikuwa fomu ya karatasi, moja kwa kila mwanafunzi, na ukiiharibu hakuna nyingine. Ilijazwa kabla ya mtihani, mtoto hajui atapata alama gani, kwa hiyo ilihitaji mtu wa kumwongoza. Sisi tulikuwa na Madam Rose, mwalimu wa kemia, binti ambaye alikuwa hajafika hata miaka thelathini. Kila jioni katika muhula wa pili alikaa maktaba na kile kitabu cha kozi kilichochakaa, akiwaita wasichana mmoja mmoja. Nilimsikia kupitia dirishani.

"Unataka kusoma nini?"

"Udaktari, Madam."

"Na nani alikuambia unataka udaktari?"

"Ai, Madam! Si ni mimi tu."

"Wewe tu, ama wewe na mjomba?"

Wakacheka. Lakini kabla msichana hajatoka pale, alikuwa amejua kozi hiyo inadai masomo gani, inafundishwa wapi, na atafanya nini akiikosa. Kisha aliandika machaguo yake kwa penseli kwenye karatasi ya daftari, la kwanza mpaka la mwisho, pamoja na namba ya kila kozi.

Sasa sikiliza desturi yetu, maana ndiyo iliyoniponza. Kwa kuogopa wino kumwagika na watoto kukosea visanduku, shule iliamua kwamba wasichana wote watie sahihi fomu zao siku moja, pale ukumbi wa chakula, huku visanduku vya kozi vikiwa wazi. Halafu karani, mwenye mwandiko mzuri, ajaze polepole ofisini akifuata zile karatasi za penseli. Madam Rose alikagua fomu chache za mwanzo, akaziona ziko sawa, akaniachia zilizobaki. Nilifanya kazi hiyo miaka sita. Wazazi walinisifu kwa mwandiko wangu, nami nilizipenda sifa hizo.

Katika kundi la mwaka ule alikuwepo Nekesa, wa kutoka Misikhu. Mrefu, kicheko chake kikisikika mpaka jikoni, mwandiko wa kuku kabisa. Alikuja ofisini kila siku kuchukua chaki za darasa lao.

"Sasa, Karani?"

"Sasa ni ya rika lako. Nisalimie vizuri."

"Shikamoo, Karani. Sasa?"

Ningefanyaje? Nilicheka. Baba yake alikuwa amefariki, na mama yake aliwalea watoto wanne kwa kuuza maharagwe sokoni. Nekesa ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Na karatasi yake ya penseli, katika mstari wa kwanza, ilisema upimaji wa ardhi.

Nilimuuliza alikoitoa kazi hiyo. Akaniambia baba zake wadogo waligombania shamba la babu yao mpaka wakaacha kusalimiana. Ndipo akaja mpima ardhi na mashine ya miguu mitatu, akatembea nao shamba zima, akawaonyesha mpaka ulipo, akaweka mawe. Jioni hiyo wakala pamoja.

"Niliona nikasema, hii ndiyo kazi," aliniambia. "Karani, mtu mmoja, siku moja!"

"Na wewe utazunguka vichakani na wanaume wenye mapanga?"

"Si ni mimi nitakuwa nawaambia wasimame wapi?"

Alipoondoka niliifungua fomu yake, na hapo nikafikiri kama baba. Niliona nafasi za kozi ile ni chache. Nikasema akiikosa, mama yule atabaki na nani? Nikasema tena kwamba hata akiipata, nani atamwajiri msichana? Ualimu una nafasi nyingi, mshahara haukawii, na shule ziko kila kijiji. Nikaandika ualimu katika mstari wa kwanza, na upimaji wa ardhi nikausukuma mstari wa tatu. Nilijisikia vizuri, mwanangu, kama mtu aliyemfunika mtoto blanketi.

Matokeo yalitoka mwaka uliofuata, na Nekesa alikuwa ameupasua mtihani. Alama zake zilitosha upimaji wa ardhi na zikabaki. Jumatatu ile alikuja kuchukua karatasi yake ya matokeo, amevaa gauni la kanisani, amebeba mfuko wa njugu za kukaanga.

"Mama amesema hizi ni zako, Karani. Ati kwa sababu uliniandikia vizuri."

Mezani kwangu palikuwa na barua iliyokuja asubuhi hiyo. Ilisema kwamba mwanafunzi anayetaka kubadilisha machaguo yake baada ya kuyaona matokeo anaweza kujaza fomu nyingine kupitia shule yake, na siku zilizobaki ni chache. Naibu wa mkuu wa shule angezipeleka fomu hizo Nairobi Alhamisi asubuhi. Nekesa aliisoma barua kichwa chini, akiwa amesimama upande wa pili wa meza.

"Hii ya kubadilisha inanihusu?"

Hapa ndipo nilipokosea kweli. Lile la kwanza nililifanya kwa kumpenda, ingawa vibaya. Hili nililifanya kwa kujipenda mimi mwenyewe. Nilimwambia, "Kama umeridhika na chaguo lako la kwanza, haikuhusu."

"Nimeridhika sana, bana!" akasema, akaenda zake. Nami nikala zile njugu.

Ningependa kukuambia kwamba roho ilinisuta, nikaenda mwenyewe kusema. Sivyo. Jumanne Madam Rose alipitia nakala za fomu zote zilizobaki shuleni ili aone ni nani wa kuitwa abadilishe kozi. Alikuja ofisini akiwa ameshika mbili, nakala ya fomu ya Nekesa na ile karatasi ya penseli, akaziweka mbele yangu.

"Nilitaka kumsaidia," nikasema.

"Hukumsaidia, Mzee. Uliogopa kwa niaba yake."

Nilijaribu kumweleza juu ya mama wa Misikhu, na wale wadogo watatu, na kazi za wanaume. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyowasikiliza wasichana. Kisha akauliza, "Nekesa ni wa ngapi?"

Nikajifanya sijasikia.

"Wa ngapi, Mzee?"

Nikahesabu. Katika miaka sita, pamoja na Nekesa, walikuwa sita ambao niliwakumbuka. Huyu nilimwona mdogo sana kwenda mbali na kwao, yule nilidhani hesabu zingemshinda. Wote niliwapanga upya kwa mwandiko mzuri.

Madam Rose aliketi. Nilitegemea apige kelele, lakini sauti yake ilishuka. "Mimi huwauliza hao wasichana mpaka koo linakauka, ili kwa mara moja katika maisha yao mtu asiwachagulie. Halafu karatasi inakuja kwako." Akachukua fomu moja mpya ya kubadilisha kozi na kile kitabu, akavisukuma kwangu. "Kesho unaenda Misikhu. Si mimi, ni wewe."

Nilikuwa na umri wa kumzaa, mwanangu, na nilisema, "Sawa, mwalimu." Sijawahi kukaripiwa na mtu mzima kuliko yeye.

Jumatano nilimkuta mama Nekesa sokoni, akipima maharagwe kwa kopo la gorogoro. Nekesa alikuwa kando yake, akipepeta. Mama alifurahi kuniona mpaka akasimama.

"Kalani! Kalibu, kalibu. Kumbe unapajua kwetu! Lete kiti, Nekesa. Njugu ziliisha?"

Sikuketi. Niliogopa kwamba nikiketi nitaanza kuzungukazunguka. Nikasema yote nikiwa wima: nilichoandika, kwa nini, na jibu nililotoa Jumatatu. Mteja mmoja alikuwa akingoja maharagwe yake, naye akasikia kila kitu. Mama alimalizia kupima, akamfungia, akamshukuru. Ndipo akanigeukia.

"Kalani, mimi sikusoma. Nilimleta mtoto kwenu kwa sababu haya mambo siyajui. Kama ni ya kukisia tu, si ningekisia mwenyewe hapa nyumbani?"

Swali hilo ninalibeba mpaka leo.

Nekesa alikuwa ameacha kupepeta. Kile kicheko chake hakikuwepo hata kidogo. "Jumatatu nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Na ukakula njugu."

"Nikala."

Nilidhani atalia, na ningeona afadhali alie. Badala yake alifuta mikono kwenye leso, akavuta kile kiti nilichokikataa, akakifanya meza. "Leta fomu."

Nikaiweka. Kwa mazoea tu nikatoa kalamu yangu ya wino na kuinama nianze kujaza. Akaweka kiganja juu ya karatasi.

"Wacha. Nitaandika."

"Mwandiko wako, Nekesa..."

"Watasoma tu. Wewe nisomee namba."

Nikafungua kitabu, nikamsomea namba ya kozi, tarakimu moja moja, naye akaandika taratibu, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Alipomaliza alinyoosha mkono kutaka kitabu. Akaipata ile kozi mwenyewe, akalinganisha namba na aliyoandika, mara mbili, ndipo akatia sahihi. Mama yake alikuwa nyuma ya bega lake, akitazama maandishi asiyoweza kuyasoma.

"Hiyo ya juu ndiyo gani?" akauliza.

"Ya saveya, Mama, ya kupima ardhi."

"Ndiyo unataka?"

"Ndiyo."

"Haya."

Lilikuwa neno moja tu. Mimi na elimu yangu ya kidato cha nne sikuwahi kumpa mtoto neno hilo.

Alhamisi naibu alikwenda Nairobi na ile fomu. Kisha zikapita wiki nyingi za kungoja, na kila posta ilipokuja nilipekua kwanza kama kuna bahasha yake. Ilipofika nilimtumia salamu aje. Alikuja na mama yake, akaifungulia mlangoni, akasoma kimyakimya, midomo ikicheza. Alikuwa ameitwa chuo kikuu kusomea upimaji wa ardhi. Mama alipiga kigelegele mpaka mkuu wa shule akatoka nje, na mama na binti wakaanza kucheza pale kwenye maua. Kabla hawajaondoka Nekesa alinipa mkono. Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikumuuliza. Lakini alisema, "Shikamoo, Karani," na baadaye kidogo, akiwa amefika getini, akapaza sauti, "Sasa?"

Wale watano wengine hawakuwa na Jumatano yao. Muda wao wa kubadilisha ulikuwa umepita zamani. Madam Rose alipopata ruhusa ya kuwafanya wasichana wajaze fomu wenyewe, yeye akiwa ameketi kando yao, mimi nilianza kuwatafuta wale watano. Nilimpata mmoja anayefundisha shule ya msingi Webuye. Nilipomweleza alicheka, akasema anaipenda kazi yake na hata yeye labda angebadilisha mawazo. Sijui kama ni kweli au alinihurumia. Wa pili nilimpata kwake Kitale, si mbali na kwangu. Alinisikiliza akiwa amembeba mtoto, akaniambia, "Nilidhani sikutosha. Miaka yote hii nilidhani mimi ndiye sikutosha." Kisha akafunga mlango polepole. Watatu sikuwapata. Hao ndio ninaowafikiria.

Basi, mwanangu, nasaha yangu si ndefu. Fomu yako iandike mwenyewe, hata kama mwandiko wako ni mbaya na hata kama ni ya kompyuta na kuna mjomba anayejua kubonyeza kukuzidi. Lakini usiandike peke yako. Mtafute mwalimu anayeuliza maswali, ukae naye, umjibu kweli, mpaka ujue kozi hiyo inadai nini na utaelekea wapi ukiikosa. Akisema alama zako hazifiki, msikilize. Akisema hazifiki bila kuzitazama, mwombe azitazame kwanza. Na kabla hujatia sahihi soma kila mstari, hata umpende namna gani anayekusaidia. Sahihi haitiwi kwenye karatasi isiyojazwa.

Na wewe uliye mzazi, au mwalimu, au karani kama mimi, mtoto akikuletea analolitaka, mwambie unayoyajua na hofu yako pia umwambie, maana anayo haki ya kuisikia. Kisha mwachie. Ukikosea, na utakosea, mwendee upesi, siku zikiwa bado zipo. Aibu yangu ilikwisha pale pale sokoni. Ningeikwepa, yule msichana angeibeba maisha yake yote akidhani ni yake.

Mungu akufungulie macho uone unachokipenda, akupe ujasiri wa kukitaja mbele ya watu, na akuzungushie wakubwa wenye subira. Uende salama, usome, urudi tukuone. Nami nisamehewe na wale ambao sikuwafikia.